Mabawa ya Kobe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa jukumu la kuiokoa studio. Sawa, hakuna aliyenipa. Lakini mtu mwenye macho anaona.

Hali yenyewe ni hii. Bosi wangu ni mdogo wangu wa kike, yule yule niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Ndiye aliyembuni Mbeba Mji, kobe mkubwa wa kwenye gemu anayetembea duniani na watu mgongoni. Wewe mchezaji ndiye kobe. Katika mchezo wa kwanza alibeba kibanda na bibi mmoja. Wa pili, kijiji. Wa tatu, mji mzima, wenye soko na shule na fundi cherehani anayelalamika kila kobe akipanda mlima. Watu wamempenda mpaka wanamchora kwenye makava ya simu. Sasa tunatengeneza wa nne, na Jumatano ya wiki ijayo tunautangaza ukumbini, mbele ya umati, na mtandaoni moja kwa moja. Mimi ndiye mkuu wa matangazo. Idara yangu haina watu wengi. Ina mimi.

Asubuhi alikuja Mfadhili, mzee mwenye miwani anayelipia kila kitu kuanzia kompyuta hadi sabuni ya chooni. Hakuzunguka. Tangazo likipoa, alisema, anafunga studio na kumuuza kobe kwa kampuni nyingine. Hiyo kampuni imeshauliza kama kobe anaweza kufungwa mizinga pembeni. Mizinga! Mdogo wangu alikunja tu mikono ya sweta lake mpaka kwenye viwiko. Namjua tangu akiwa na meno ya utoto. Akikunja mikono ya sweta, ameumia.

Baadaye nikamuuliza mchezo wa nne unaitwaje. Akasema unaitwa Shukeni. Nikamuuliza kama hilo ni jina au ni amri. Akasema ni vyote viwili. Akaniuliza kama nimeshaucheza. Nikasema ndiyo, mara kibao.

Sijaucheza. Nina shughuli nyingi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata jibu nikipiga mswaki. Picha ivuje! Hakuna tangazo watu wanalolipenda kama lile wanalodhani wameliiba. Nitapiga picha ya skrini ya kompyuta kwa simu, mkono ukitetemeka kidogo, kama mtu anayemwogopa bosi wake. (Hapo sihitaji kuigiza.) Halafu naituma kwenye baraza la mashabiki mtandaoni kwa jina la uongo. Wao watafanya kazi iliyobaki.

Ila picha ya nini? Nilichungulia kazi za wenzangu. Kobe amesimama barabarani. Kobe ameinama. Kobe anatazama dimbwi. Nani ataacha chai yake kwa ajili ya hayo? Ndipo yakanijia mabawa. Kobe anayepaa na mji mzima mgongoni! Nilisisimka peke yangu.

Nilimwendea Mchoraji, dada anayewafanya viumbe wetu watembee, nikamwomba mabawa mawili, ya haraka haraka tu. Akaniuliza kama najua ilivyomgharimu kuupata uzito wa kobe yule, mguu unavyotua na vumbi likachelewa kidogo kuinuka. Nikasema najua sana. Akasema siku kobe akipaa, yeye anakusanya vitu vyake na kwenda kwao. Kisha, bila kuombwa, akanionyesha hatua moja ya mguu wa mbele. Goti linasita kabla ya kukunjuka. Kobe wa nne amezeeka! Dada huyu ana mikono ya ajabu, acha niseme ukweli hapa ambapo hanisomi. Ni goti la mnyama ambaye hayupo, na mguu wangu mimi ukaanza kuuma.

Lakini goti halivuji. Nikarudi mezani kwangu, nikafungua mchezo wa tatu, nikamnyofoa kuku wa sokoni mabawa yake na kuyakuza mpaka yakamtosha kobe. Yana manyoya ya kahawia. Ukiyatazama kwa mbali huku umefumba jicho moja, yanatisha. Nikapiga picha na kuituma. Moyo ulinienda mbio hadi nikalazimika kukaa.

Alhamisi, 6 Machi

Moto! Baraza la mashabiki linawaka kila kona!

Wengine wanalia kwa furaha. Wengine wanatukana. Mmoja ameandika makala ndefu kueleza kwamba kobe alikuwa na mabawa tangu mchezo wa kwanza, ila tulikuwa hatujastahili kuyaona. Mwingine, mtu hatari sana, amegundua kwamba mabawa ni ya kuku wa sokoni. Nilitokwa jasho. Lakini wenzake wakamjibu kwamba bila shaka kobe alimmeza kuku yule, na hiyo ndiyo siri ya hadithi nzima. Nawapenda mashabiki hawa. Wana akili kunishinda na wanazitumia kunisaidia.

Anayeongoza kundi la mabawa ni mtu anayejiita Mama Mzaa Kobe. Anaandika kwa herufi kubwa tupu. Anasema yeye ndiye mama wa mbunifu, na hakuna anayemwamini.

Ni Mama yetu.

Mama alianza kucheza Mbeba Mji ili aelewe binti yake anafanya kazi gani. Sasa hapokei simu akiwa anavuka mto. Jioni alinipigia mwenyewe, sauti juu, akaniuliza kama nimeiona ile picha, na kwa nini watoto wake wanamficha mambo makubwa hivi. Singeweza kumwambia. Mama akipewa siri, anaigawa kwa majirani ikiwa bado ya moto. Nikasema mimi ni mtu mdogo tu, sielezwi kitu. Akanipa pole. Akasema na mimi siku moja nitafika.

Ofisini mdogo wangu alituita wote na kuuliza, kwa upole, nani anajua habari za picha ile. Fundi wa sauti alinitazama. Tunamwita Shii, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza na la mwisho kwa mtu yeyote. Ana chumba chake chenye magodoro ukutani na taa nyekundu mlangoni, na mimi amenipiga marufuku kuingia, eti viatu vyangu vinalia. Bosi humsifu Shii mbele za watu. Mimi hunisifu kwa kuwahi kufika. Nilimtazama Shii naye mpaka akashusha macho. Nadhani alikuwa amechoka tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mfadhili amenipigia simu. Mimi! Moja kwa moja, bila kupitia kwa bosi.

Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kiti kivulini. Alisema sasa ndiyo tunafanya kazi. Wapwa zake wote wanazungumzia mabawa. Akauliza kama mabawa yatakuwepo Jumatano, maana hayo ndiyo yatakayoamua.

Hapa kulikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa la kweli. Mdomo wangu ukachagua lile jingine, na ukaongeza kwamba mabawa hayo yanapigapiga.

Tangu hapo sijala.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda kwa Mama kula chakula cha mchana na kusahau. Nilimkuta sebuleni, miwani puani, ameikuza ile picha mpaka imejaza runinga nzima. Alikuwa anatafuta dalili. Alisema wenzake barazani wamechambua mabawa, mwanga na hata vumbi la skrini, lakini hakuna aliyeangalia pembeni.

Pembeni, chini kulia, kuna kitu cha kahawia. Wenzake wanadhani ni mlima mpya.

Mama alikitazama. Akanitazama. Akaomba mkono wangu wa kulia, nikampa, maana nani anamnyima mama yake mkono? Akaugeuza. Kidole gumba changu kina ukucha uliopinda, kwa sababu nilipokuwa mdogo nilikibana na mlango wa kabati. Mama ndiye aliyekifunga kitambaa. Hawezi kukisahau kidole hiki hata kikizikwa.

Nilidhani atanifokea. Wapi! Alisimama, akapiga makofi, akasema kumbe mwanawe ni mtu mkubwa huko ofisini mpaka anashikashika mambo ya siri. Nikamsihi asimwambie mtu. Akasema hawezi. Nikaenda jikoni kujimiminia maji. Niliporudi alikuwa ameshaandika barazani, kwa herufi kubwa: HUO SI MLIMA, NI KIDOLE CHA MWANANGU WA KWANZA. Akaweka na picha yangu ya kipaimara, mikono mbele, kidole kinaonekana vizuri kabisa.

Sasa wanamwamini kwamba ni mama wa mbunifu. Amefurahi mno. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu ili nisifike mapema.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi aliniita. Mlango ukafungwa.

Nilikuwa nimeandaa utetezi. Kwanza, kwamba kidole kinaweza kuwa cha mtu mwingine. Pili, kwamba simu iliibwa ikarudishwa. Sikupata nafasi. Mdogo wangu alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Aliniambia watu sasa wanakuja kutafuta kitu ambacho hakipo, na yeye atasimama jukwaani peke yake mbele ya hicho kitu kisichokuwepo. Alisema hatujui kama Alhamisi tutakuwa na kobe. Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali.

Kisha akaniuliza tena kama nimeucheza mchezo. Nikasema ndiyo. Akaniuliza mwisho wa sura ya kwanza unatokea nini. Nikasema jambo la kushangaza sana. Akasema, "Kaka, wewe Jumatano kaa tu kwenye kiti." Basi. Hakunifukuza kazi, hakunitukana. Ana moyo ambao mimi sijui aliupata wapi, maana mimi na yeye tumelelewa nyumba moja.

Nilitoka nimeamua kutubu.

Nilipofika kwenye ngazi simu ikalia. Mfadhili. Anataka kuwaleta wapwa zake. Akauliza tena kuhusu yale yanayopigapiga. Nikasema yako njiani.

Jumanne, 11 Machi

Kwa faida ya mdogo wangu, na bila yeye kujua, nimetengeneza kipande kifupi cha video. Kobe anainama, mabawa ya kuku yanafunguka, anapaa, ngurumo zinapiga. Ngurumo ni mimi na sinia. Mabawa hayapigi kwa pamoja, la kushoto linachelewa, lakini hilo linampa haiba.

Mchana nilikwenda ukumbini na kumkabidhi fundi wa projekta flashi yenye kipande hicho. Nilimwambia ni agizo la bosi. Onyesho la mdogo wangu likifika mwisho, yeye asingoje, abonyeze tu. Kijana mwenye adabu, hakuuliza swali hata moja. Laiti ofisini kwetu wangekuwa hivyo.

Mfadhili atapata mabawa yake, kobe atabaki kwetu, na mdogo wangu atanishukuru. Pengine atalia kidogo. Nimepiga pasi shati la bluu.

Jumatano, 12 Machi

Naandika mkono ukitetemeka, na safari hii si mbinu.

Ukumbi ulijaa hadi ngazi. Nusu ya watu walikuwa wamejivika mabawa ya karatasi. Mama alikaa mstari wa mbele, akisalimiana na mashabiki wake. Mfadhili alikuwa nyuma yake na wapwa. Mimi nilikaa kwenye kiti, kama nilivyoagizwa.

Mdogo wangu alipanda jukwaani na sweta lake, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Watu wakaanza kuimba mabawa, mabawa. Alingoja wamalize. Akasema mabawa hayapo. Aliyetuma picha ile ni kaka yake, ambaye anaupenda mchezo huu kuliko anavyoujua. Watu walicheka, wengine wakazomea, wapwa wakamgeukia mjomba wao. Nikajisemea moyoni, subirini tu.

Halafu taa zikazimwa, na nikauona mchezo kwa mara ya kwanza.

Kobe anatembea na mji mgongoni kama siku zote. Anafika penye mwinuko mdogo, mwinuko wa kawaida kabisa, ambao katika mchezo wa pili angeupanda bila hata kuugundua. Lile goti linasita. Anasimama. Mchezaji anabonyeza, anabonyeza tena, kobe haendi. Kisha anainama polepole, tumbo linagusa ardhi, na mtu mmoja mjini anasema, "Shukeni." Wanashuka. Mmoja mmoja, na masufuria yao, vitanda vyao, watoto wao. Fundi cherehani anashusha cherehani yake na kwa mara ya kwanza katika michezo yote halalamiki. Anaweka mkono kwenye gamba na kusimama hapo. Na hapo ndipo unapoelewa kwamba sasa wewe si kobe tena. Wewe ni mmoja wa hao watu. Miaka yote amewabeba, na mchezo mzima wa nne ni nyinyi kumfikisha yeye anakokwenda, mkimletea maji, mkimtafutia njia isiyo na mlima, mkienda mwendo wake.

Mdogo wangu! Amekaa na wazo hili kifuani siku zote hizi, mimi napita mlangoni kwake nikiwaza kuku!

Nilikuwa nalia waziwazi, sina haja ya kuficha. Ndipo nikaikumbuka flashi.

Sijawahi kukimbia hivyo. Nilikanyaga miguu ya watu wazima na mikoba ya watu wazima zaidi. Nikafika nyuma, fundi wa projekta ameshanyoosha kidole juu ya kitufe, adabu imemjaa. Sikuwa na pumzi ya kueleza. Nikaona waya mnene, nikauvuta kwa nguvu zangu zote.

Skrini ikazimika. Giza kabisa.

Haukuwa waya wa flashi. Ulikuwa wa projekta yenyewe, na kobe alikuwa bado hajamaliza. Sauti, kumbe, inapita waya mwingine. Kwa hiyo ukumbi mzima ukabaki gizani na kitu kimoja tu, pumzi za kobe. Nzito, zinaingia, zinakaa, zinatoka, pumzi za mtu mzima aliyetua mzigo. Shii alizitengeneza zile, mle mle kwenye magodoro yake. Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo, na inaniuma kuandika, lakini ndivyo ilivyo.

Kisha gizani, mstari wa mbele, nikasikia sauti ninayoijua kuliko zote. Mama alikuwa amesahau kama yuko ukumbini.

"Pole, baba," alimwambia kobe. "Pumzika."

Taa zilipowashwa watu walikuwa wamesimama. Mabawa ya karatasi yalikuwa chini, wameyavua wenyewe. Mfadhili alikuwa anafuta miwani, akiivaa, akiivua, akiifuta tena.

Alhamisi, 13 Machi

Kobe ni wetu! Mfadhili amepiga simu kwa bosi. Hakutaja mabawa. Alisema baada ya onyesho hakurudi ofisini, alikwenda kukaa na baba yake, ambaye ni mzee sana na alikuwa hajamwona siku nyingi. Alisema tuumalize mchezo vile vile ulivyo, na tusiharakishe.

Mdogo wangu aliniita. Anajua kuhusu flashi, yule kijana mwenye adabu alimrudishia. Anajua kuhusu waya pia. Ulimwenguni kote wanasifu lile giza, wanasema hakuna aliyewahi kuthubutu kutangaza gemu hivyo. Nikamwambia nilikwenda kuizuia flashi, ni kweli kabisa, naapa. Akasema anaamini, kwa sababu aliniona nakimbia nikilia. Kisha akanikumbatia. Alinuka kahawa na sweta la siku mbili. Nilimwambia yeye ni mtu wa ajabu kuliko wote ninaowajua. Nilimaanisha kila neno.

Nikaenda na kwa Shii nikavua viatu mlangoni. Nikamwambia pumzi zile ni kazi ya hali ya juu. Akainua kichwa, akafikiri, akasema shii. Lakini kwa upole.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepewa majukumu mapya. Mdogo wangu alinishika mkono na kunieleza taratibu. Mpaka mchezo utoke, kazi yangu ni moja, kunyamaza. Nisitume, nisidokeze, nisikonyeze waandishi wa habari. Mchezo unajisemea wenyewe. Akamalizia kwa kusema, "Kaka yangu, tafadhali."

Nilimwelewa. Nimekaa kutwa nikitafakari, na nakiri ana haki. Nilikuwa na kelele nyingi mno. Kazi nzuri kama hii inahitaji mtu wa kuinyamazia, tena mtu mwenye uzoefu.

Ila kuna tatizo ambalo yeye, kwa kuwa ni msanii, hakuliona. Mkuu wa matangazo akinyamaza hivi hivi tu, nani atajua? Watu watadhani nimelala. Ukimya bila maandalizi ni kama kutokuwepo. Kwa hiyo nimeandaa tangazo. Mimi, shati la bluu, nimefumba mdomo, natazama mbali. Upepo kidogo, Mama atashika feni. Chini maneno makubwa: HATASEMA KITU. Pembeni saa inayohesabu kurudi nyuma mpaka Jumatatu asubuhi, ambapo nitaanza kunyamaza rasmi, moja kwa moja mtandaoni.

Ni siri kubwa. Nimeshavujisha kipande kidogo tu.